Mkia wa Kanda

Bi Arlys Bunjer alikuja kwetu Jumanne ya pili ya Novemba, ameshika mkono wa mumewe. Alipofika mbele ya meza yangu alitazama kabati la faili lililokuwa kushoto kwangu. Nilidhani ananidharau. Nikajisogeza kidogo ili niwe mbele ya macho yake, naye akageuza uso tena, mbali zaidi. Ndipo mumewe, Roger, aliponieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi, kwamba mke wake akitaka kumwona mtu hana budi kumtazama pembeni. Katikati ya macho yake pamekufa. Zimebaki kingo.

"Nikikuangalia sikuoni," Bi Bunjer aliniambia. "Nikiliangalia hili kabati ndiyo nakuona. Una nywele nyekundu, na umekunja uso. Usinikasirikie, binti."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika hifadhi ya kumbukumbu ya Chuo cha Brandvold, kwenye chumba cha chini ya maktaba ambacho madirisha yake yalikuwa usawa mmoja na nyasi za nje, hivi kwamba watu wakipita tuliona viatu tu. Tulikuwa wawili: mimi na mkuu wangu, Verlyn Oltmann, mzee mpole ambaye alibakiza mwaka mmoja astaafu. Niliajiriwa kwa kazi moja. Wachezaji wa zamani wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu walitaka kanda za video za mechi zao, kuanzia mwaka 1976 hadi 1988, ziokolewe kabla hazijaoza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiziokoa. Habari zangu zilitoka kwenye jarida la chuo, pamoja na picha ambayo nimeinamisha kichwa, na Roger alikuwa amemsomea mkewe habari hiyo mezani wakati wa kifungua kinywa.

Bi Bunjer alicheza hapa, timu ya wanawake, tangu 1978 hadi 1981. Enzi hizo aliitwa Arlys Tjaden, nambari thelathini na mbili.

Alikulia shambani, karibu na mji wenye ghala moja la nafaka na makanisa mawili. Shuleni alicheza mchezo wa watu sita, kama wasichana wote wa jimbo letu la Iowa siku zile. Sasa wengi wameshausahau. Watatu hushambulia, watatu hulinda, na mstari wa katikati ya uwanja hakuna anayeruhusiwa kuuvuka. Yeye alikuwa mlinzi. Miaka minne alinyang'anya mipira, akakimbia nayo hadi mstarini, akampa mwenzake wa upande wa pili, kisha akasimama, ncha za viatu zikigusa rangi, akiwatazama wengine wakifunga. Katika mechi zote hizo hakuwahi hata mara moja kurusha mpira kikapuni. Chuoni ndipo alipoukuta mchezo wa watano, ambao kila mtu hukimbia uwanja mzima.

"Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika mstarini na mpira nikasimama kama ng'ombe aliyeona waya wa umeme," alisema. "Kocha akaniuliza, 'We Tjaden, unangoja basi?' Wote wakacheka. Nikaangalia chini, nikaruka. Niliruka kabisa, kama mtu anavuka dimbwi. Halafu nikaendelea kukimbia. Binti, sijui nikwambie nini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikujua kwamba uwanja ni mrefu vile."

Roger aliangalia kofia yake. Nilihisi kwamba hata yeye alikuwa hajaisikia sehemu hiyo.

Alichotaka Bi Bunjer kilikuwa kidogo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kufikia kiangazi hata zile kingo zingekwisha. Picha za harusi yake alikuwa nazo, za watoto wake, hata za ng'ombe wake wa maonyesho, na zote alikwisha kuzitazama mara ya mwisho. Lakini hakuwahi kujiona akicheza. Mechi zao hazikuonyeshwa popote. Kwenye jukwaa, alisema, wachezaji walikuwa wengi kuliko watazamaji, na kati ya watazamaji mmoja alikuwa fundi wa bomba la joto. Alikumbuka tu kwamba kulikuwa na kamera, kwa sababu msichana aliyelala naye chumba kimoja ndiye aliyekuwa akiishika, huku akila karanga.

"Nataka kuona kama nilikuwa nakimbia vile ninavyokumbuka," alisema. "Hata sekunde kumi zinanitosha. Baada ya hapo giza lije tu."

Nikamwambia nitatafuta. Aliniachia sanduku la bati lenye vipande vya keki ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini, akasema nisimpe Verlyn vyote.

Orodha yetu haikuwa na kanda hata moja ya timu ya wanawake kabla ya mwaka 1985. Verlyn aliniambia alivyosikia siku zote: kwamba hazikuwahi kurekodiwa. Lakini yule msichana wa karanga hakuniacha. Mtu haketi jukwaani msimu mzima ameshika kamera isiyorekodi. Basi nikaanza kufungua maboksi ya karatasi, moja baada ya jingine, kila siku baada ya chakula cha mchana. Wiki ya tatu nilifikia boksi la kocha wao, Bi Hovland, ambaye alifariki zamani. Ndani mlikuwa na daftari la manunuzi: soksi, bandeji, mafuta ya basi dogo. Katikati ya ukurasa mmoja wa Januari 1980 aliandika kwa penseli: "Tumeazimwa kanda nne na ofisi ya wanaume. Zirudi Ijumaa, watarekodi juu yake."

Niliusoma mstari ule nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa chini sakafuni, kati ya maboksi.

Sina budi kueleza jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, maana kosa limo humo. Kila kanda ilikuwa kubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani na ilichukua saa moja. Nilikuwa naisafisha ukungu, naiingiza kwenye mashine ya pekee tuliyobaki nayo, kisha naketi kuitazama huku ikinakiliwa kwenye kompyuta. Mwongozo wa kazi niliuandika mwenyewe mwezi wangu wa kwanza. Anza refa anaporusha mpira juu. Simamisha king'ora cha mwisho kinapolia. Faili liwe na mechi, lisiwe na kitu kingine. Nakala ikishathibitishwa, kanda yenyewe iende kusagwa, kwa kuwa ukungu huambukiza karatasi zilizobaki. Verlyn aliusoma akasema katika miaka thelathini hajaona mwongozo safi kama ule. Niliubandika ukutani juu ya mashine.

Vijana waliokuwa wakirekodi mechi za wanaume walikuwa mahodari wa kubana. Kila filimbi ikilia walisimamisha kamera, mpira ukirudi mchezoni waliiwasha, ili mechi nzima ienee kwenye kanda moja. Kwa hiyo mechi zao mara nyingi ziliisha kabla ya saa kutimia. King'ora kilikuwa kinalia, wachezaji wanapeana mikono, picha inakatika, zinakuja chenga, vile vidoa vyeupe vya skrini isiyo na picha. Na mara nyingine, baada ya chenga, picha iliruka, wakatokea watu wengine. Magoti meupe. Mtu mwenye msuko mmoja mrefu. Mwanga tofauti. Kwa sekunde mbili au tatu tu, mabaki ya kilichorekodiwa kwanza, mpaka kidole changu kifike kwenye kitufe.

Nilikuwa nikiwaona. Hilo ndilo nisiloweza kulizunguka. Nilijua hata kwamba ni wasichana. Niliwachukulia kama makombo ya chakula cha jana kwenye sahani, na makombo hufutwa.

Nilikuwa nimekwisha kunakili kanda mia moja na kumi na moja. Niliipigia simu kampuni ya kusaga. Mama aliyepokea alikuwa mchangamfu, akaenda kuangalia, akarudi kuniambia kwamba boksi la mwisho walilisaga Agosti, tena akanihakikishia kwamba kazi ilifanyika vizuri sana, hakuna kilichosalia. Nikamshukuru.

Nilipomweleza Verlyn alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Alisema sahihi ya mwisho kwenye kila fomu ilikuwa yake. Halafu akasema jambo ambalo nilijua limetoka kwenye wema. "Signe, yeye amekuomba umtafutie. Hajakuomba hesabu ya vilivyopotea."

Zilibaki kanda tatu. Zote zilikuwa za Februari 1980, na nilikuwa nimeziweka kando kwa sababu zilinata. Ukizicheza hivyo hivyo, utepe hung'ang'ania kwenye mashine na kuchunika, na kilichochunika hakirudi. Kanda za namna hiyo hukaushwa kwa joto dogo kwa muda wa nusu siku, na baada ya hapo hukupa nafasi moja, labda mbili. Chuo hakikuwa na tanuri ya kazi hiyo. Verlyn alileta kutoka nyumbani kikaushio cha mkewe, ambacho alikaushia nyama ya paa kila msimu wa kuwinda. Chumba kizima kikanukia nyama na pilipili manga. Nilikaa karibu na kile kikaushio siku nzima, nikigusa kifuniko chake kwa kiganja kila baada ya dakika chache, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kanda ya kwanza, mechi ya wanaume ilienda hadi mwisho kabisa wa utepe. Ya pili ilikuwa na mkia, yaani kipande kilichobaki baada ya mechi, wa dakika nne, chenga tupu. Ya tatu, king'ora kililia, wavulana wakapeana mikono, zikaja chenga, na mimi nikaikalia mikono yangu.

Picha iliruka. Wasichana watano wenye jezi nyeupe walikuwa wanarudi nyuma kulinda kikapu chao. Nilisikia viatu vikilia juu ya mbao, sauti ya mwanamke ikiita "Mkono! Mkono juu!", na karibu sana na kipaza sauti, mtu akitafuna.

Nilihesabu nambari. Kumi. Kumi na nne. Ishirini na tatu. Arobaini. Arobaini na mbili. Nikadhani nimekosea, nikangoja wageuke, nikahesabu tena. Thelathini na mbili hakuwepo. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Dakika ya tatu kocha wao aliomba mapumziko mafupi, na yule mla karanga, ambaye hakuwa na mazoea ya kubana kanda, hakuizima kamera. Aliigeuza tu kuelekea benchi kuwatazama rafiki zake. Hapo ndipo alipokuwa. Msichana mrefu, mwembamba, taulo mabegani, amekaa mwisho wa benchi. Wenzake walipofika alisimama akawapa maji, mmoja mmoja, kisha akarudi kukaa. Mchezo ukaendelea bila yeye. Dakika ya sita na kidogo, mmoja wa wasichana alirusha mpira kutoka mbali, na utepe ukaisha mpira ukiwa hewani.

Nilikagua nakala mara nne. Sekunde arobaini na moja. Zote amekaa, au amesimama na chupa.

Niliwapigia simu nikasema nimepata kitu. Upande wa pili nikamsikia Bi Bunjer akimwambia mumewe, si mimi, "Amenipata." Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema, "Njooni Alhamisi saa nne asubuhi," nikakata simu.

Walikuja wamevaa nguo za kanisani. Theluji ilikuwa imeganda kwenye ngazi, na Roger alimshusha mkewe kipandio kwa kipandio. Alipomketisha, aliomba nimwonyeshe msalani, na tulipofika kwenye ujia akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, wa mikono mizito, na alizungumza huku akitazama mlango wa stoo ya mifagio.

Aliniuliza kama mkewe anaonekana vizuri kwenye picha. Nikamweleza ukweli, kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilinibidi kurudia. Akaniuliza kama kuna yeyote kati ya wale wanaokimbia anayefanana naye kwa urefu. Nikasema nambari ishirini na tatu.

"Basi mwambie ndiye yeye," akasema. "Nambari hataziona. Mwambie, 'Huyo hapo, Bi Bunjer, anavuka.' Maneno matano tu. Nimelala kitanda kimoja naye miaka arobaini na mbili, binti, sijawahi kumwona akihitaji kitu namna hii."

Nilimwambia sijui. Akasema, "Mimi najua."

Nilikuwa nimeifanya picha iwe kubwa, ukuta mzima, ili kingo za macho yake zipate cha kushika. Bi Bunjer aliomba ageuziwe kiti. Akakaa ubavu kwa ukuta, uso wake ukielekea mlangoni, kama mtu aliyesusa. Roger alisimama nyuma yake. Nikawasha.

Viatu vikalia. Alipoisikia ile sauti ya kutafuna alipiga goti lake. "Huyo Dee!" akasema. "Karanga zake hizo. Alikuwa anatumwagia maganda kitandani."

Nambari ishirini na tatu alinyang'anya mpira. Alikimbia nao peke yake, mstari wa katikati ukapita chini yake, hakuna aliyemkaribia, na kwa kweli alikuwa anapendeza, mabega yametulia, msuko unamfuata nyuma. Roger alinitazama. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ningesema nini.

"Peg," Bi Bunjer akasema, akiutazama mlango. "Peg Yoder. Tazama anavyokimbia, kama bata aliyechelewa kanisani. Tulimtania hivyo hivyo mpaka anafunga vikapu ishirini." Akainama mbele kidogo. "Hii ni mechi gani? Mbona mimi siko?"

Mchezo uliendelea ukutani. Alisikiliza zaidi kuliko alivyotazama, kichwa kimeinama upande, na nikaona jinsi alivyokuwa akiitafuta siku yenyewe, akizipitia siku zote za aina ile. Halafu akaegemea nyuma.

"Ni ile ya timu ya Decorah," alisema. "Refa mwenye masharubu. Faulo ya tano alinipa dakika ya nane kipindi cha pili, na sikumgusa yule msichana. Sikumgusa. Nimeshatolewa mchezoni hapo."

Mapumziko mafupi yakaja. Kamera ikageuka. Ukuta ukajaa benchi, na msichana mwenye taulo, mkubwa kuliko sisi sote, akatazama mbele. Bi Bunjer alisogeza uso wake taratibu, kushoto, kulia, kama mtu anayesogeza taa gizani, mpaka alipompata. Alimtazama sekunde zote arobaini na moja. Sikuweza kuona uso wake; niliuona mkono wake, ulioshika mkoba.

Mpira uliporuka hewani na ukuta ukawa mweusi, hakuomba kurudiwa.

"Nilikuwa na shingo ndefu," alisema mwishowe. Kisha akaniita, "Binti. Hakuna nyingine?"

Nikasema hakuna.

"Haijawahi kuwepo, au haipo sasa?"

Verlyn alikuwa ameniambia hakuna haja. Roger alikuwa ananiangalia kwa macho yaliyosema hayo hayo. Lakini alikuwa ameuliza. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu daftari la Bi Hovland, kuhusu mikia ya kanda, kuhusu king'ora na kidole changu, kuhusu Agosti. Sikulia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nilisema kwamba katika zile mia moja na kumi na moja huenda zilikuwa kumi zenye mkia, huenda ishirini. Sikuwa nimehesabu, maana hakuna anayehesabu makombo.

Juu yetu, nje ya dirisha, viatu vya wanafunzi vilipita kwenye theluji.

"Kwa hiyo wewe uliniona," alisema.

"Labda. Sekunde mbili, tatu."

"Nilikuwa nakimbia?"

Nilijitahidi kukumbuka. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote, na nilichopata ni magoti, na taa, na kitufe. "Sijui, Bi Bunjer," nikasema. "Sikuwa naangalia."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Sikumwona amekasirika. Ningefurahi angekasirika. Roger alipeleka mkono begani kwake, naye akaupapasa mara mbili, akauacha pale.

Baadaye akaniuliza picha hii itakuwaje sasa. Nikamweleza kwamba itatunzwa katika sehemu tatu tofauti, kwamba ndiyo mechi pekee ya timu yao iliyosalia, na kwamba yeyote atakayeitafuta ataiona, hata miaka mia ijayo. Tunachohitaji ni majina ya waliomo, kwa ajili ya orodha, kwa sababu hakuna mwingine anayeyajua.

"Andika," akasema.

Alinitajia wote, na baadhi yao aliwatania alipowataja. Nambari kumi, Jeanette Pruess, ambaye hakuwahi kumpa mtu pasi. Kumi na nne, Carla Imhoff. Peg Yoder alikufa kwa saratani akiwa na miaka hamsini na mmoja, na watoto wake wako mjini Waterloo, hapa hapa Iowa. Niwapelekee nakala, wamwone mama yao na mbio zake za bata. Arobaini na arobaini na mbili walikuwa mapacha, akina Stensrud, na hakuna aliyejua nani ni nani, hata kocha. Kamera, Dee Ann Wubben. Aliniuliza kama nimeandika karanga. Nikasema nitaandika.

"Na benchini?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Benchini acha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kwamba anaonekana wazi kabisa, nambari yake inasomeka, kwamba ni sahihi.

"Najua ni sahihi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aje sauti yake ilikuwa ngumu. "Nilicheza hapa miaka mitatu. Sitaki mtu aje miaka mia ijayo aulize Arlys Tjaden alikuwa nani, mumwonyeshe huyo aliyekaa. Mimi sikuwa huyo. Kama hamna yule mwingine, basi na huyu msinipe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niahidi."

Nikaahidi. Alisimama, akapapasa hewani kutafuta koti lake, nikamsaidia kupitisha mikono. Alinusa kidogo akasema chumba chetu kinanuka nyama ya paa. Roger hakuniaga. Nilisimama chini ya ngazi nikawaangalia wakipanda, yeye mbele na mkewe nyuma, kila kipandio akikitafuta kwa ncha ya kiatu kabla ya kukanyaga.

Nilirudi mezani nikauandika ukurasa wa orodha siku ile ile. Mwongozo wangu ulikuwa bado ukutani. Niliubandua, kisha nikajaza sehemu moja moja: tarehe, uwanja, urefu wa picha, majina matano, jina la mshika kamera, karanga. Chini kabisa kuna sehemu ya watu wengine wanaoonekana. Hapo niliandika: "Mchezaji mmoja benchini, nambari 32. Hajatambuliwa."

Kila ukurasa mpya lazima Verlyn aupitie. Aliusoma wa kwangu akiwa amesimama, akafika chini, akarudi juu, akafika chini tena. Orodha ya wachezaji ya mwaka 1980 ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, hatua mbili tu, na sote wawili tulijua.

"Hajulikani?" akaniuliza.

"Hajulikani," nikasema.

Akachukua kalamu akatia sahihi.